Kanumba bado anavuka Mpondwe

NYAKIYUMBU, KASESE

Siku ya gulio pale Mpondwe, karibu kila kinachovuka mto Lhubiriha kina mtu wa kukitazama. Mafuta ya mawese kutoka upande wa Kasindi huhesabiwa kwa madumu, mbao hupimwa, chumvi ya Katwe huenda kwa magunia, vitenge hufunuliwa na kukunjwa upya. Ipo bidhaa moja, hata hivyo, ambayo imevuka hapa miaka mingi bila kufunguliwa. Zamani ilikuwa diski ndani ya karatasi ya nailoni. Leo imo kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha, ndani ya simu ya mtu aliyekuja kuuza kahawa au ndizi. Bidhaa hiyo ni filamu. Na kati ya filamu ambazo bado zinaulizwa Bwera, Nyakiyumbu na ng'ambo ya mto, zimo za mtu aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012: Steven Kanumba.

Wewe uliyezoea kuuza unajua jinsi mali inavyochakaa. Nyanya za Jumanne hazifiki Ijumaa zikiwa na bei ileile. Kitenge ambacho mwaka jana kiligombaniwa, mwaka huu unakiweka chini kabisa ya rundo. Simu ikitoka mpya, ya zamani inageuka redio ya mtoto. Filamu ndiyo ingepaswa kuchakaa upesi kuliko vyote, kwa sababu mteja akishaiona mara moja anajua nani anaoa, nani anakufa na nani alikuwa mwizi tangu mwanzo. Mbona basi anairudia? Mbona vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Kanumba alipozikwa wanaweza kukuigizia namna alivyokuwa akishika kichwa kwa mikono miwili?

Mtu wa Shinyanga

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Wa kwanza kumjua walikuwa watazamaji wa televisheni Tanzania, kupitia kundi la Kaole la Dar es Salaam na michezo yake ya kuigiza. Mwaka 2006 ikatoka Dar to Lagos, iliyowakutanisha waigizaji wa Tanzania na wa Nigeria. Ulikuwa wakati mzuri wa kufanya hivyo. Katika miaka hiyo maduka ya kanda na diski ya Afrika Mashariki yote yalikuwa yamejaa filamu za Kinigeria: wafalme wa vijijini, waganga, majumba ya matajiri wa Lagos. Kanumba aliona soko lilipo, akajifunza kwa waliolishika, kisha akarudi kuuza ya kwake. Baadaye alimleta Ramsey Nouah, nyota wa Nigeria, acheze naye katika Devil Kingdom.

Majina ya filamu zake yalikuwa ya Kiingereza: She Is My Sister, Oprah, Uncle JJ, Young Billionaire. Mazungumzo ndani yake yalikuwa ya Kiswahili. Mimi huona jina hilo la Kiingereza lilikuwa kama maandishi kwenye kasha la bidhaa, ya kumvutia mpita njia. Mteja wa huku hakulihitaji. Alieleza anachotaka kwa namna yake, ile ya mjomba na watoto watundu, ile ya dada, ile ya shetani, na muuzaji alijua aingize mkono wapi.

Alifia Dar es Salaam, nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Tarehe 10 Aprili umati ulijaa viwanja vya Leaders kumuaga kabla ya kumzika makaburi ya Kinondoni. Waliokuwapo walisema mengi kuhusu ukubwa wa umati ule, lakini kipimo kingine kilikuwa mbali na Dar es Salaam: Bujumbura, Bukavu, Goma, Beni, miji ambako watu walimlilia mtu ambaye hawakuwahi kumwona isipokuwa kwenye kioo cha televisheni.

Kifo cha mapema humfanyia nyota jambo la ajabu. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, na Enter the Dragon ikatoka mwezi uliofuata. Miaka 50 baadaye bado ana kifua kilekile na sauti ileile ya paka. Jackie Chan tumemtazama akizeeka. Schwarzenegger wa Commando ya mwaka 1985, aliyebeba gogo begani kama mzigo wa majani, tumemwona akiwa gavana wa California na baadaye babu mwenye ndevu nyeupe. Kanumba yuko upande wa Bruce Lee. Ndevu zake hazitaota mvi.

Lakini wengi hufa wakiwa vijana na kusahaulika, kwa hiyo kifo peke yake hakitoshi kueleza.

Steringi hafi

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba kwenye mti, na bado dakika za mwisho atasimama. Rambo hafi. Komando hafi. Chuck Norris, hata kumtaja ni kupoteza muda. Watu walikaa kwenye mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje, wakijua hakika kwamba mtu wao atashinda. Hawakulipa kiingilio ili waone kama atashinda. Walilipa waone atashindaje, na wawe pamoja wakati huo unapofika, banda zima likipiga kelele kwa mara moja.

Sinema za Kihindi zilikuwa na sheria yake. Sholay ya mwaka 1975 ilimuua rafiki mmoja kati ya wawili, Amitabh Bachchan, na watu wakalia, lakini haki ililipwa. Mapenzi yaliruhusiwa kuumiza mradi kuna nyimbo za kufuta machozi.

Kanumba na wenzake wa kizazi kile, akina Vincent Kigosi anayeitwa Ray, Jacob Stephen anayeitwa JB, Irene Uwoya na Wema Sepetu, waliivunja sheria ya steringi. Kwenye filamu zao steringi anaweza kushindwa, tena si na jeshi la Vietnam bali na mama mkwe. Anasalitiwa na rafiki aliyemwazima mtaji. Anagombania urithi na ndugu wa marehemu ambao hawakufika hata siku moja hospitalini. Anakosea, anaomba msamaha, hasamehewi. Analia, naye Kanumba alijua kulia: hakuficha uso, hakugeuka ukutani.

Nadhani hapo ndipo filamu hizi ziliwapata wanawake wa sokoni, ambao kibanda cha Rambo hakikuwa chao. Kibanda kilikuwa cha wavulana na wanaume, chenye moshi na matusi. Diski ya Kibongo ilichezwa nyumbani, au nyuma ya duka baada ya kufunga, au saluni wakati nywele zinasukwa. Mtu aliyeshinda akihesabu madeni na kumtafuta mteja aliyechukua mzigo kwa ahadi haoni ugeni katika filamu inayohusu rafiki aliyetoroka na fedha. Anaifahamu. Anairudia kama mtu anavyorudia kusimulia kesi yake mwenyewe, kila mara akiona mahali ambapo angepaswa kushtuka mapema.

Lugha ya amri na lugha ya msamaha

Kuna sababu nyingine, na kwa mpaka huu naiona kubwa kuliko zote.

Uganda ina mafundi wake wa kutafsiri filamu, wale tunaowaita VJ. VJ Jingo, VJ Emmy na VJ Junior ni majina makubwa kama ya waigizaji wenyewe. Wanaweka sauti yao juu ya filamu ya Marekani au Korea, wanaeleza, wanatania, wanampa adui jina la mtaa wa Kampala. Ni sanaa kamili, na VJ Emmy aliipeleka duniani aliposimulia Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa Wakaliga kwa bunduki za vyuma chakavu. Ila lugha ya sanaa hiyo ni Luganda. Nyakiyumbu watu huamka na Lhukonzo. Ng'ambo wanaamka na Kinande, ambacho ni ndugu wa damu wa Lhukonzo. Luganda kinaeleweka upande huu kwa sababu ya shule, redio na safari za Kampala. Ni mgeni anayeheshimiwa. Ukivuka Kasindi na kuelekea Beni na Butembo, mgeni huyo anabaki mpakani.

Kiswahili hakibaki. Kiswahili cha Congo kina sura yake: wanasema batu pale Mtanzania anaposema watu, na bintu badala ya vitu, na Mtanzania akisikia hutabasamu. Lakini Mkongo akimsikiliza Kanumba haambiwi na mtu anasema nini. Diski moja iliuzika Kasese, Bwera, Kasindi, Beni na Butembo bila kubadilishwa chochote. Muulize mfanyabiashara yeyote maana ya bidhaa inayouzika pande zote mbili za mpaka ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, bila lebo mpya wala kufungashwa upya. Atakwambia hizo ni chache sana.

Kwa Waganda kuna la ziada. Katika nchi hii Kiswahili kilibeba kumbukumbu nzito. Kwa watu wengi kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi na ya kizuizi barabarani. Mtu aliyejua maneno kumi tu ya Kiswahili, aghalabu yalikuwa ya kuamriwa: simama, leta, keti chini, toka. Filamu za Kibongo zilileta Kiswahili kingine. Zilileta jinsi ya kubembeleza, jinsi ya kumsalimia mama mkwe, jinsi ya kukataa bila kutukana, jinsi ya kusema nisamehe na kumaanisha. Hakuna mtaala uliofundisha hayo hapa. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni mwezi Julai 2022. Congo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, miaka kumi na siku moja baada ya Kanumba kufa. Mama aliyekuwa akimtazama mwaka 2009 nyuma ya duka lake Bwera alikuwa amekwishaanza masomo zamani.

Sisemi kwamba mtu asimamaye kati ya kioo na watazamaji akieleza ni mambo ya juzi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulijaribiwa mradi wa filamu za mafunzo wenye makao yake Vugiri, milima ya Usambara, na magari yake yakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, yakionyesha filamu zenye maelezo kwa lugha za wenyeji. Congo ya Wabelgiji ilikuwa na filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, zilizotengenezwa na mmisionari. Baadaye, Dar es Salaam ilimpata Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili hadi watu wakanunua kanda kwa ajili ya sauti yake, hata Titanic. Kenya ina DJ Afro. Wote hao walikuwa daraja la kumvusha mtazamaji hadi kwenye filamu ya mtu mwingine. Kwa Kanumba daraja halikuhitajika.

Nyota waliopita bila kukaa

Ni vizuri kukumbuka kwamba nyota wakubwa zaidi duniani waliwahi kufika katika nchi hizi mbili, na hawakuacha mtazamaji. Mwaka 1951 Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walikuja na mwongozaji John Huston kutengeneza The African Queen. Walianzia Congo, mto Ruiki, kisha wakahamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Filamu moja, nchi mbili, miaka 70 kabla hazijawa ndani ya jumuiya moja. Wasafiri wengi waliugua kwa sababu ya maji. Bogart na Huston walipona, na Bogart alikuwa na maelezo yake: yeye alikunywa wiski. Ikampatia Oscar, ya pekee maishani mwake. Mashua yenyewe, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi Ziwa Albert, sasa iko Key Largo, Florida, inabeba watalii.

Ni filamu nzuri, nami nimeipenda. Lakini sijawahi kuona jina lake limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kibanda chochote Kasese. Mito yetu imo, viboko wetu wamo, watu wetu wamo kwa nyuma wakibeba mizigo. Hakuna hata mmoja wao anayepewa jambo la kusema ambalo mtazamaji wa Nyakiyumbu angependa kulirudia.

Pesa iliishia wapi?

Sasa tuje kwenye hesabu, maana gazeti hili linasomwa na watu wa hesabu.

Filamu za Kibongo ziliuzwa kwa sehemu mbili. Hadithi ilikatwa katikati, mara nyingi mlango unapogongwa au simu inapoita, na mwisho wake ukauzwa kwenye diski ya pili. Kwa msambazaji ilikuwa ni hadithi moja na mauzo mawili. Huku mpakani mpango huo uliharibika, kwa sababu anayenakili huweka sehemu zote mbili, tena na filamu nyingine sita, kwenye diski moja. Nakala ikazaa nakala. Diski halisi ikitoka Dar es Salaam ikafika Kampala, au ikazunguka kwa Kigoma na Bujumbura, iliyofika Butembo ilikuwa tayari mjukuu wa mjukuu, na picha ina ukungu.

Kila aliyeishika njiani alipata chochote: mwenye kompyuta, mwenye kibanda, dereva, mchuuzi, mwenye jenereta. Walikosa waliotengeneza. Hakuna rekodi ya forodha ya mzigo huo, hakuna risiti, hakuna ajuaye ni nakala ngapi za Uncle JJ zilivuka Lhubiriha. Msanii alipopewa bei na msambazaji wake, soko lote la upande huu lilihesabiwa kuwa sifuri, kana kwamba hakuna mtu Bwera wala Beni aliyewahi kumtazama.

Tunajua sifuri hiyo inafananaje. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948, alituchekesha miongo kadhaa. Uso wake ulitosha kumfanya mtu acheke kabla hajafungua mdomo. Alipougua mwaka 2018 ilibidi asaidiwe ili atibiwe India, na mikataba yake ya kazi ikawa jambo la kitaifa hata Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia. Alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Mtu anayejulikana kutoka Tanga hadi Lubumbashi, na mikataba yake inahitaji kamati.

Sitaki kumtupia lawama zote mchuuzi wa mpakani. Nakala halali ilikuwa adimu huku, na mteja aliitaka filamu leo, si baada ya miezi sita. Sheria nazo zilichelewa kumfikia. Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu mwaka 2013, Kanumba akiwa tayari kaburini. Na stempu ya Mamlaka ya Mapato ya Tanzania haina maana kwa mnunuzi wa Kasindi anayenunua nakala ya nakala. Leo hata diski imekufa. Kazi imehamia kwenye vibanda vya kujaza flashi, na juu ya hapo YouTube, ambako filamu nzima hupandishwa na watu wasiojulikana, matangazo yakipita katikati ya machozi.

Lakini hoja ya kwamba hakuna njia imeanza kuchoka. Mfanyabiashara mdogo wa leo anajua kuomba cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ili maharage yake yasitozwe ushuru ndani ya Jumuiya. Anajua kwamba mali ina kwao, na kwamba karatasi inayotaja kwao ndiyo inayompunguzia gharama. Filamu nayo ina kwao. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na ofisi ya usajili, URSB, inayoshughulikia leseni. Tanzania ina COSOTA. Kinachokosekana ni leseni moja ndogo, ya bei ya mtu mdogo, ambayo mwenye kibanda cha flashi Nyakiyumbu angeilipa mara moja kwa mwaka kwa simu yake, na ambayo ingetambuliwa pia Kasindi. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimebishana na maofisa kuhusu samaki, mayai na vitenge hadi wakaelewana. Filamu haijawahi kuwekwa mezani, labda kwa sababu wote waliokaa kwenye meza hiyo wanazo kwenye simu zao.

Na jambo hili halihusu Tanzania peke yake. Vijana wa Beni na Butembo wanatengeneza vichekesho na filamu fupi kwa simu, kwa Kiswahili chao cha batu na bintu. Wa Kasese wanatengeneza kwa Lhukonzo. Kazi hizo zinavuka daraja lilelile kwa namna ileile aliyovuka Kanumba, na safari hii waliotengeneza wanaishi umbali wa nauli ya boda boda.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda kazi ya sinema kwa miaka 50. Filamu aliyoitoa Kanumba mwaka 2010 ina mwenyewe hadi mwaka 2060.